Heri ya Nani? Kura, Ardhi na Fidia katika Chozi la Heri

Utangulizi

Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilichapishwa mwaka 2014, na kuanzia mwaka 2018 ikawa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi ya Kiswahili katika shule za upili nchini Kenya. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya Kiswahili kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi ambayo imesomwa na vijana wengi kiasi hicho. Wanafunzi walioisoma darasani walikuwa watoto wachanga au wadogo sana taifa lilipowaka moto mwaka 2008. Kwa wengi wao, Ridhaa, Kaizari, Subira na Selume ndio waliowapa picha ya kwanza iliyo kamili ya yale ambayo wazazi wao huyataja kwa mafumbo tu.

Usomaji uliozoeleka wa riwaya hii ni mwepesi kuufupisha. Ukabila huigawa nchi. Uchaguzi huwasha moto. Watu wema, kwa huruma na msamaha, huzikusanya tena familia zilizotawanyika. Na hatimaye chozi la uchungu hugeuka kuwa chozi la heri. Usomaji huu hauna kosa katika yale unayoyasema. Udhaifu wake umo katika yale unayoyaacha. Makala haya yanadai kwamba ushahidi uliomo katika riwaya yenyewe unaelekeza mahali pengine: chanzo cha maafa ya wahusika ni umilikaji usio na dhamana, yaani hali ambayo raia anaweza kuwa na ardhi, nyumba au kazi leo na kunyang'anywa kesho bila ya kuwa na pa kulalamikia. Aidha, makala yanadai kwamba utatuzi wa riwaya unalihamisha deni la dola na kuliweka mabegani mwa familia. Swali la kisiasa, yaani nani atatawala, linapata jibu mapema. Swali la kiuchumi, yaani nani atarudishiwa nini, halijibiwi kamwe.

Uchaguzi ndani ya riwaya na nje yake

Matukio ya kihistoria yanayoiegemeza riwaya hii yanajulikana. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Siku tatu baadaye tume ya uchaguzi ilimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, naye akaapishwa jioni iyo hiyo katika Ikulu, huku upande wa Raila Odinga ukiyakataa matokeo hayo. Hadi mkataba wa kugawana mamlaka ulipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, chini ya upatanishi wa Kofi Annan, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa na mamia ya maelfu wamehamishwa makwao. Tume ya Kriegler iliyouchunguza uchaguzi huo ilihitimisha kwamba matokeo yalikuwa yamevurugwa kiasi kwamba haikuwezekana kusema kwa hakika nani alishinda.

Matei hakuinakili historia hii. Amebuni nchi ya Wahafidhina, na katika nchi hiyo mshindi ni mwanamke, Mwekevu, ambaye ushindi wake unapingwa na wale wasiokubali kutawaliwa na mwanamke. Ubunifu huu una faida ya kifani na una gharama yake. Faida ni kwamba msomaji hawezi kuisoma riwaya kwa jicho la chama. Hakuna mhusika anayeweza kubandikwa jina la kiongozi fulani, wala kabila linalotajwa kwa jina lake halisi. Mbinu hii si ngeni katika riwaya ya Kiswahili. Tangu Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi ya kubuni imekuwa njia ya mtunzi ya kuikosoa nchi halisi bila ya kuitaja. Jina la Wahafidhina nalo linafanya kazi yake: hii ni nchi ya watu wanaoshikilia ya kale, na lililo la kale zaidi ndani yake ni imani kwamba uongozi una wenyewe.

Gharama ni kwamba swali lililoiumiza Kenya hasa linafutwa. Mwaka 2007 uchungu ulitokana na kutojulikana kwa ukweli wa hesabu. Katika Wahafidhina ukweli unajulikana: Mwekevu ameshinda, na wanaompinga wana chuki. Kwa kuuweka wazi ushindi, mtunzi ameiondoa tume, masanduku na fomu katika mzozo na kuubakiza moyo wa mpiga kura peke yake. Hapa ndipo usomaji wa ukabila na chuki unapopata nguvu. Ikiwa kura zilikuwa safi, basi tatizo ni tabia za watu, na dawa ya tabia ni mafunzo ya maadili. Hata hivyo, riwaya ina sura nyingi mbele yake, na sura hizo hazikubaliani na hitimisho hilo.

Aina tatu za kunyang'anywa

Mhakiki anayetaka kuupima uzito wa uchaguzi katika riwaya hii hana budi kuorodhesha namna wahusika wanavyopoteza mali. Ya kwanza ni moto. Ridhaa anarudi nyumbani na kukuta jamaa zake wameteketea pamoja na nyumba, na anayehusishwa na kitendo hicho ni Mzee Kedi, jirani yake wa miaka mingi. Tukio hili ndilo linalokumbukwa zaidi na wasomaji, na ndilo linalofungamana moja kwa moja na uchaguzi. Kuligana na Ridhaa ni Kaizari, ambaye mkewe na mabinti zake wanatendewa unyama, na Selume, ambaye ndoa yake inavunjwa na damu ya alikozaliwa.

Ya pili ni tingatinga. Jumba la Ridhaa mtaani Tononokeni linabomolewa kwa amri ya serikali, kwa hoja kwamba limesimama kwenye ardhi iliyotengewa barabara. Hapa hakuna jirani wala kabila. Kuna ofisi zilizomwacha mtu ajenge mpaka paa, kisha ofisi hizo hizo zikaleta mashine. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa miongo kadhaa, na jinsi vyeti vilivyotolewa na serikali vilivyoweza kukosa thamani mbele ya serikali hiyo hiyo.

Ya tatu ni barua ya kufutwa kazi na amri ya kuhama. Lunga anapoteza cheo chake kwa sababu anakataa umma ulishwe mahindi yasiyofaa. Anakimbilia kilimo katika Msitu wa Mamba, na huko nako anafurushwa pamoja na wenzake. Kutoka hapo nyumba yake inaporomoka. Mkewe, Naomi, anamwacha. Yeye mwenyewe anakufa. Na watoto wao watatu, Umulkheri, Dick na Mwaliko, wanabaki mikononi mwa Sauna, mtumishi anayewaiba wawili wa mwisho na kuwauza.

Kati ya aina hizi tatu, ni moja tu iliyozaliwa na uchaguzi. Mbili zilizobaki zinatendwa na dola, mchana, kwa karatasi zilizopigwa muhuri. Umulkheri, ambaye mateso yake yanachukua sehemu kubwa ya riwaya kuliko ya mhusika mwingine yeyote baada ya Ridhaa, hakuponzwa na kura hata kidogo. Aliponzwa na uadilifu wa baba yake katika ofisi isiyovumilia uadilifu. Hivyo basi, anayesema kwamba Chozi la Heri ni riwaya ya ghasia za uchaguzi amesema nusu. Ni riwaya ya nchi ambayo ndani yake uchaguzi ni mojawapo tu ya njia za kumfanya mtu asiwe na kwao.

Msitu wa Heri

Jina la mahali linaupa mjadala huu ushahidi wa kifani ambao haujazingatiwa ipasavyo. Baba yake Ridhaa, Mwimo Msubili, alikuwa na wake wengi na ardhi isiyowatosha. Akahamishia sehemu ya aila yake katika Msitu wa Heri. Huko walifyeka, wakalima, wakaliendeleza eneo. Lakini Ridhaa alipoingia shuleni akiwa mtoto, wenzake walimwita mfuata mvua na kumtenga. Miaka mingi baadaye, baada ya elimu na udaktari wake, tusi lile la uwanjani linarudi likiwa na kiberiti mkononi.

Tusi la mfuata mvua ni la kiuchumi kabla halijawa la kikabila. Halimwambii Ridhaa kwamba lugha yake ni mbaya au mila zake ni chafu. Linamwambia kwamba amekuja kufuata kilicho bora katika ardhi ya wengine. Ndiyo hoja iliyosikika katika Bonde la Ufa mwaka 1992, 1997 na 2008. Ni bonde ambalo wakoloni waliwanyang'anya wenyeji ardhi, na baada ya uhuru sehemu ya ardhi hiyo ikauzwa kwa makampuni na vyama vya ununuzi vya watu waliotoka kwingine, badala ya kurudishwa. Mwenyeji alibaki na kumbukumbu, mhamiaji akabaki na hatimiliki, na serikali haikuketi na wawili hao kuwasuluhisha. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo mwaka 2008, iliitaja ardhi, pamoja na ukosefu wa ajira kwa vijana na mamlaka yaliyolimbikizwa kwa mtu mmoja, miongoni mwa mizizi ya umwagaji damu.

Kwa mantiki hii, neno heri lililomo katika anwani haliwezi kusomwa kama baraka peke yake. Ni jina la mahali palipopotea. Chozi la heri ni chozi la furaha, na papo hapo ni chozi la kuililia Heri, msitu uliogeuzwa shamba na shamba lililogeuzwa majivu. Wahakiki wamezipa maana ya kwanza kurasa nyingi kwa kuwa riwaya inamalizika kwa jamaa kukutana. Maana ya pili inamtaka msomaji aulize: je, Ridhaa alirudishiwa Msitu wa Heri? Riwaya haisemi.

Jina la Ridhaa nalo linastahili kutazamwa upya. Limefasiriwa mara nyingi kama uradhi, yaani hali ya moyo wa mtu aliyekubali majaliwa. Lakini ridhaa pia ni neno la mikataba na mahakama, lenye maana ya kukubali kwa hiari. Hakuna lolote kati ya mambo makubwa yanayompata mhusika huyu ambalo aliliridhia. Hakuulizwa alipohamishwa utotoni, hakuulizwa jumba lilipobomolewa, hakuulizwa nyumba ilipochomwa. Kuna kinaya kikali katika jina hili, na kinaya hicho kinapotea pale Ridhaa anapofanywa mfano wa subira tu.

Sadfa na ulezi kama utatuzi

Katika nusu ya pili ya riwaya, msuko unaendeshwa na mbinu mbili: sadfa na ulezi. Umulkheri anapata wazazi wapya, Mwangeka na Apondi. Mwaliko anachukuliwa na Mwangemi na Neema. Dick, baada ya kuingizwa katika biashara ya dawa za kulevya, anakutana na dada yake kwenye uwanja wa ndege. Hatimaye ndugu wote watatu wanakutana. Sadfa hizi zimewahi kulaumiwa kuwa ni nyingi mno na kwamba zinaudhoofisha uhalisi wa kazi.

Lawama hiyo ni ya haki, lakini haifiki mbali. Inafaa kuuliza sadfa hizi zinaziba pengo gani. Watoto wawili wameibwa. Katika nchi yenye polisi wanaopeleleza na idara ya watoto inayofanya kazi, kupatikana kwao kungekuwa matokeo ya uchunguzi. Katika Wahafidhina, mtoto aliyepotea hupatikana kwa bahati. Vivyo hivyo, hospitali ya umma anakofanya kazi Selume haina vifaa, na Ridhaa anaanzisha hospitali ya Mwanzo Mpya. Kila mahali ambapo dola imeshindwa, mtu mmoja mwema au tukio moja la bahati linaingia. Mtunzi, pengine bila ya kukusudia, ametoa picha sahihi ya uchumi wa Kenya baada ya 2008: huduma za umma zilizochoka, na wananchi wenye uwezo wakijijengea za kwao.

Tatizo la utatuzi huu ni la kitabaka. Ridhaa ni daktari. Ana elimu na jamaa wanaoweza kumshika mkono. Mwangeka amelitumikia jeshi la kulinda amani ng'ambo. Wanaopata mwanzo mpya ni wale wenye cha kuanzia. Riwaya inapoondoka kambini, inaondoka pamoja na watu hao, na walio wengi wanabaki nyuma ya hema bila ya majina. Historia inawajua. Mwezi Mei 2008 serikali ilipoanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, kiasi kilichotengewa familia iliyorudi kilikuwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 za kuijenga nyumba iliyoteketezwa. Si kila familia iliyovipata viwango hivyo, na wapo waliokaa kambini miaka mingi. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti iliyopendekeza fidia, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza Bungeni mfuko wa shilingi bilioni 10. Mapendekezo ya fidia hayakutekelezwa kwa ukamilifu. Kesi zilizofunguliwa The Hague nazo zilimalizika bila ya yeyote kutiwa hatiani kwa ghasia zenyewe. Kwa aliyepoteza shamba mwaka 2008, kilichobaki ni familia, kama anayo.

Pingamizi moja

Huenda ikadaiwa kwamba uhakiki huu unaidai riwaya yale yasiyo ya riwaya. Mtunzi si waziri wa ardhi, na kazi ya fasihi ni kuonyesha utu unavyodumu katika dhiki. Isitoshe, ikiwa dola halisi haikulipa fidia, basi riwaya isiyoonyesha fidia imekuwa kweli kuliko ile ambayo ingeionyesha.

Pingamizi hili lina nguvu katika sehemu yake ya pili. Ingekuwa uongo kumwonyesha Ridhaa akikabidhiwa hatimiliki na afisa anayetabasamu. Lakini kukosekana kwa haki kunaweza kusimuliwa kama kukosekana. Riwaya yenyewe inafanya hivyo kwa ustadi katika sura za mwanzo, ambapo Ridhaa anasimama mbele ya mabaki ya nyumba na mawazo yake yanarudi nyuma kupitia mbinu rejeshi, akiuliza maswali yasiyo na wa kuyajibu. Katika sura za mwisho maswali hayo yamenyamaza. Hayakujibiwa, yamefunikwa na shangwe ya watoto kupatikana. Kosa la kisanaa, ikiwa lipo, liko hapo: shangwe moja imetumiwa kulipia deni jingine.

Ulinganisho na kazi nyingine mbili za Kenya unalifafanua jambo hili. Katika tamthilia ya Kigogo, Pauline Kea anauweka mgogoro wa Sagamoyo sokoni. Soko la Chapakazi linafungwa, wachuuzi wanakosa riziki, na upinzani unaoongozwa na Tunu unalidai soko lile lile lirudi. Hasara na dai vina jina moja. Katika riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, inayowachora Waketwa na Wakule wakigombania uongozi, kijiji cha Matango kinateketezwa, na mtunzi hamwachi msomaji asahau kwamba kuna watu wanaoitaka ardhi ya kijiji hicho. Hata hivyo, Momanyi anaegemea sana ushindi wa Lonare, kana kwamba akipatikana kiongozi mwema mambo yatajitengeneza. Matei anauvuka mtego huo. Mwekevu amekwisha kushinda tangu mapema, na ushindi wake haukumwokoa yeyote na moto. Katika hili Chozi la Heri ina ujasiri ambao wenzake hawana, kwa kuwa inaonyesha kwamba kiongozi halali si dawa inayotosha.

Hitimisho

Kenya imepiga kura mara kadhaa tangu mwaka 2008. Ilipata katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010, ikaunda serikali za kaunti 47, na ikaipa Mahakama ya Juu mamlaka ya kuamua kesi za uchaguzi wa rais. Mahakama hiyo iliufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, na ikauidhinisha ule wa 2022. Mzozo wa kura sasa una mahali pa kupelekwa, na hilo si jambo dogo. Mzozo wa ardhi ulipewa Tume ya Taifa ya Ardhi, lakini aliyefukuzwa shambani kwa moto bado hajapata siku yake mahakamani ya uzito unaolingana na ile anayopewa mgombea urais.

Chozi la Heri inaonyesha tofauti hiyo, ingawa haitangazi. Inalimaliza suala la utawala kwa kurasa chache, na kuliacha suala la mali likiwa wazi kutoka jalada hadi jalada. Mwalimu anayeifundisha riwaya hii kama somo la kusameheana tu anawafundisha wanafunzi wake kwamba raia aliyeporwa anadaiwa msamaha, na aliyepora hadaiwi kitu. Riwaya haikusema hivyo. Imewachora Kedi, tingatinga na barua ya Lunga katika kitabu kimoja, na inafaa visomwe pamoja. Swali linalostahili kuwekwa mbele ya wanafunzi, mbele ya lile la nani alimsamehe nani, ni hili: baada ya watoto wote kupatikana na machozi kufutwa, ni nani anayelima Msitu wa Heri?